Picha za Kompyuta katika Kuta za Chuo: Tutundike Nini na Tuache Nini?

Sifa njema zote anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Mwisho. Ama ba'ad:

Tumeletewa swali na mkuu wa idara ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa visiwani. Ni mwanamke ambaye alipokuwa mdogo alisoma kwetu madrasa, na mpaka leo akitukuta njiani hutuamkia kama alivyokuwa akituamkia wakati ule. Swali lake kwa ufupi ni hili:

"Assalaamu 'alaykum Maalim. Idara yetu imehamia jengo jipya na kuta zote ni nyeupe. Tumepewa fungu dogo la kupambia njia na ukumbi kwa picha zinazohusu kompyuta. Wenzetu wameshaanza kwa kuchora ukutani uso mkubwa wa mtu uliotengenezwa kwa tarakimu za sifuri na moja. Uso huo umeelekeana na chumba cha kuswalia. Mzazi mmoja ameuona, amekasirika, na anasema atamtoa binti yake chuoni. Sisi wahadhiri tumegawika. Wapo wasemao tufute, na wapo wasemao hii ni sanaa tu. Tufanye nini? Na tukifuta, tuweke nini badala yake?"

Tumeona jawabu lake litawafaa wengi, kwa sababu picha za namna hii hazipo vyuoni tu. Zipo katika skuli za watoto wetu, katika maduka ya kompyuta, na siku hizi hata katika vyumba vya vijana majumbani. Kwa hivyo tutaeleza hukumu yake, kisha tutataja picha zinazofaa kwa majina yake, In shaa Allah.

Tulichokiona

Kabla ya kujibu tulikwenda kuangalia kwa macho yetu, kwani hukumu ya jambo hufuata namna linavyofahamika. Tulifika kabla ya Adhuhuri. Chumba cha kuswalia ni kidogo, na wanafunzi walipojaa, safu mbili za nyuma zilitandika mikeka njiani. Waliosimama njiani waliuona ule uso mbele yao, juu ya mabega ya wenzao, mkubwa kuliko mlango.

Yule mzazi naye alikuwepo. Ni mvuvi, mtu mzima kutupita sisi. Alituambia kwa sauti ya chini: "Sheikh, mimi nimemleta mwanangu asome kompyuta. Sikumleta aswali mbele ya sura ya mtu. Nikimtoa mtasema sitaki mabinti wasome. Nikimwacha nitamjibu nini Mola wangu?"

Maneno haya yalitukaa. Huyu si mtu anayeipiga vita elimu. Anauza samaki ili alipe ada. Jambo lililokuwa linataka kumvunjia binti huyu masomo yake ni rangi ya ukutani tu, iliyowekwa bila ya kuuliza.

Hukumu ya picha yenye roho

Jumhuri ya wanazuoni wamesema kuwa hakuna ubaya kuchora kisichokuwa na roho: miti, milima, bahari, nyota, majumba, vyombo na maumbo ya hisabati. Msingi wake ni kisa maarufu cha Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allahu 'anhumaa), kilichopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, alipojiwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kutengeneza picha na hana pato jengine. Alimbainishia onyo lililokuja kwa wenye kutengeneza picha, na alipoona yule mtu amefadhaika, akamwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Tazameni hekima yake: hakumfungia mlango wa riziki bila ya kumfungulia mwengine.

Ama picha ya kuchorwa kwa mkono ya mtu au mnyama, ikawa kamili na imetundikwa mahali pa juu kwa kupambia, hiyo katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, haijuzu. An-Nawawiy amelieleza hilo na akatofautisha baina ya picha iliyotukuzwa kwa kutundikwa na ile iliyo katika kitu cha kukanyagwa au kukaliwa. Na kisa cha pazia la Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allahu 'anhaa) kinajulikana: Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alichukizwa na pazia lenye picha, nalo likakatwa likafanywa mito.

Baadhi ya vijana walituuliza: "Lakini Sheikh, huu si uso wa mtu yeyote. Ni sifuri na moja tu." Tukawajibu kuwa hukumu inafuata umbo lililotokea, haifuati kilichotumika kulitengeneza. Mwenye kutunga uso kwa kokoto ametengeneza uso, na mwenye kuutunga kwa tarakimu ametengeneza uso pia. Na kichwa ndicho kilichozingatiwa zaidi na wanazuoni katika mlango huu, ndio maana wakasema kuwa umbo likiondolewa kichwa hutoka katika hukumu ya picha iliyokatazwa.

Ama picha ya kamera, hapo wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhiyt Al-Mutwii'iy, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala maalumu ya kuijuzisha, kwa hoja kuwa kamera inazuia kivuli kilichokwishaumbwa na Allah na wala haiigizi uumbaji. Wengine, akiwemo Sheikh Ibn Baaz, waliikataza isipokuwa kwa dharura na haja kama vile hati za kusafiria. Khitilafu hii ni ya watu wa elimu, na haifai kwa yeyote katika sisi kumtoa mwenzake katika dini kwa ajili yake. Lakini mahali panapowakusanya watu wote, kama njia ya chuo, kujitoa kwenye khitilafu ni bora, khaswa pale penye badala nzuri isiyo na shaka.

Na pana jambo la pili ambalo lingetosha hata kama pasingekuwa na suala la roho. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliswali na nguo yenye nakshi ikamshughulisha, akairejesha kwa Abu Jahm na akataka nguo ya wazi isiyokuwa na nakshi. Ikiwa hivyo ndivyo katika alama za nguo, vipi kuhusu uso wenye urefu wa ukuta? Kwa hivyo sehemu inayoonekana na mwenye kuswali iachwe wazi, isiwekwe picha yoyote, hata iwe ya maumbo ya hisabati.

Jawabu la sehemu ya kwanza ya swali, basi, ni kuwa uso ule ufutwe.

Pale tulipokosea

Hatuna budi kusema kweli. Siku ile tulimwambia mkuu wa idara: "Futeni, na kuta ziacheni nyeupe, mtapumzika." Akanyamaza kidogo kwa adabu, kisha akasema: "Maalim, mabinti katika darasa la mwaka wa kwanza ni wachache, na kila mwaka wapo wanaoacha. Wanadhani fani hii ni ya wanaume wa nchi za nje. Wenzangu walitaka picha ili watoto hawa wajione nao wamo. Nikiacha ukuta mtupu, nani atawaambia?"

Hatukuwa na jawabu. Ibn 'Abbaas alimwonesha yule mtu mti, na sisi tulikuwa tumemwonesha mwanafunzi wetu mlango uliofungwa. Tukamwomba wiki mbili, tukakaa naye pamoja na wahadhiri wawili, tukapitia picha moja baada ya moja. Katika kazi hiyo tulijifunza mengi, na kanuni iliyotusaidia kuliko zote ni hii: tundika kazi ya mtu, usitundike sura yake.

Kazi badala ya sura

Mfano wa kwanza ni Muhammad bin Muusaa Al-Khawaarizmiy, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake ndicho kilichoipa fani ya aljebra jina lake, na jina lake mwenyewe, lilipopita katika Kilatini, likawa neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua jambo, ambazo ndizo roho ya kila programu ya kompyuta. Idara ilikuwa imechagua picha ya mzee mwenye kilemba iliyoandikwa jina lake. Picha hiyo na mfano wake zimeenea kutokana na stempu ya Urusi ya Kisovieti ya mwaka 1983. Lakini hakuna aliyehifadhi sura ya Al-Khawaarizmiy. Picha hizo zimetungwa tu. Kuitundika ni kuingia katika khitilafu ya picha, na juu yake ni kuwaambia wanafunzi jambo lisilo kweli.

Badala yake tumechagua mchoro wa hesabu yake mashuhuri. Anatafuta namba ambayo mraba wake ukijumlishwa na mara kumi yake yenyewe hupatikana 39. Unachora mraba. Ubavuni mwake unaweka mistatili miwili yenye upana wa 5, ambayo ni nusu ya kumi. Pembeni panabaki pengo la mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Ukiliziba pengo, 39 inakuwa 64, na ubavu wa mraba mkubwa ni 8. Toa 5, inabaki 3, na hiyo ndiyo namba iliyotafutwa. Kwa rangi tatu tu, mchoro huu unapendeza ukutani, na mwanafunzi akisimama mbele yake dakika mbili anaondoka na elimu.

Mfano wa pili ni Ada Lovelace wa Uingereza. Mwaka 1843 alichapisha maelezo juu ya mashine ya kuhesabu iliyobuniwa na Charles Babbage, ambayo haikuwahi kukamilishwa. Ndani yake mna jedwali linaloonesha, hatua kwa hatua, jinsi mashine ile ingekokotoa namba ziitwazo namba za Bernoulli. Wengi wanalihesabu kuwa programu ya kwanza ya kompyuta kuchapishwa. Sura yake yenye mavazi ya wakati ule haina haja ya kuwepo ukutani. Lile jedwali lenyewe, lenye mistari na safu zake zilizopangika, ni zuri kulitazama, na chini yake jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa.

Mfano wa tatu ni kompyuta ya ENIAC, iliyooneshwa kwa watu huko Marekani mwaka 1946. Walioipanga ifanye kazi walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Kwa miaka mingi picha zao zilionekana vitabuni bila ya majina. Basi sisi tumefanya kinyume chake: picha ya nyaya na vitufe vya mashine, na majina sita yamepangwa chini yake. Mwenye kutaka kuwaona katika somo la historia atawaona katika kitabu na darasani, pale ambapo haja ya kufundisha ipo. Ukutani pana majina yao na kazi yao, na hilo ndilo walilonyimwa.

Picha nyengine zinazofaa

Kumbukumbu za kompyuta za zamani. Katika miaka ya 1950 hadi 1970 kumbukumbu nyingi za kompyuta zilikuwa ni pete ndogo sana za sumaku zilizotungwa katika nyaya, mfano wa ushanga. Ukiikuza picha yake utadhani ni kazi ya mkono ya mama zetu, na kwa hakika ni kazi ya mkono. Kumbukumbu ya programu ya vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini ilisukwa na wanawake kiwandani Waltham, Massachusetts. Waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri.

Chipu. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iitwayo 4004, yenye transista zipatazo 2,300 katika kipande kidogo kuliko ukucha. Picha yake iliyokuzwa inafanana na ramani ya mji wenye mitaa iliyonyooka.

Nakshi za Kiislamu. Mwaka 2007 watafiti Peter Lu na Paul Steinhardt walichapisha uchunguzi wao kuwa nakshi za jengo la Darb-i Imam huko Isfahan, la mwaka 1453, zimepangwa kwa utaratibu unaokaribia ule ambao wanahisabati wa Magharibi waliuelezea katika miaka ya 1970. Fundi wa vigae alifuata kanuni chache, akazirudia, likatoka pambo lisilojirudia kwa wepesi. Hivyo ndivyo programu inavyofanya kazi.

Mchezo wa miraba. John Conway, mwanahisabati wa Uingereza, aliutangaza mwaka 1970. Mraba uliowaka wenye majirani wawili au watatu waliowaka hubaki. Uliozimika wenye majirani watatu kamili huwaka. Mwengine wowote huzimika au hubaki umezimika. Kutokana na hayo hutoka maumbo ya ajabu. Mwanafunzi mmoja alitutahadharisha kuwa jina lake kwa Kiingereza lina neno "maisha", akahofia lina kasoro ya itikadi. Tukamwambia jina ni istilahi tu, na miraba haina roho. Hata hivyo tulifurahi kuwa ameuliza.

Ramani ya waya za baharini. Intaneti tunayoitumia inapita chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na kuanza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Watoto wa visiwani wanaijua bahari kwa uvuvi na kwa safari. Ni vyema waijue kwa hili pia.

Mkeka. Hili lilitoka kwa mkuu wa idara mwenyewe. Ndani ya kompyuta herufi za kawaida za Kiswahili huweza kuandikwa kila moja kwa sifuri na moja nane. Neno ELIMU lina herufi tano, basi ni miraba 40. E ni 01000101, L ni 01001100, I ni 01001001, M ni 01001101, na U ni 01010101. Ukili uliotiwa rangi ukawa moja, na usiotiwa rangi ukawa sifuri, utapata mkeka wa mistari mitano wenye kusomeka. Mstari wa mwisho, wa herufi U, unatoka kwa zamu, mweupe na wa rangi, mweupe na wa rangi, kama mikeka yetu mingi ilivyo. Kazi hiyo wamepewa wasukaji wa hapa hapa, na fedha imebaki mikononi mwa akina mama.

Mambo ya kutahadhari nayo

La kwanza ni aya za Qur-aan kufanywa pambo. Kijana mmoja alipendekeza aya iliyochorwa kwa mistari ya umeme mfano wa bodi ya kompyuta. Nia yake ni njema, lakini An-Nawawiy ametaja kuwa katika madhehebu yetu ni makruhu kuandika Qur-aan na majina ya Allah kutani. Qur-aan imeteremshwa isomwe na ifuatwe. Kuta za njiani huguswa na kila mkono, huangukiwa na vumbi, na siku jengo likipakwa rangi upya fundi hatauliza.

La pili ni picha za akili mnemba. Kijana huyo huyo alituletea mchoro mzuri uliotengenezwa na programu, wenye maandishi ya Kiarabu pembezoni. Tulivaa miwani, tukasoma, hatukuelewa. Tukamwita mwalimu wa Kiarabu, naye hakuelewa. Zilikuwa si herufi kamwe, ni mistari iliyoigiza herufi. Programu hizo huiga umbo bila ya kujua maana, na hukosea zaidi katika maandishi yetu. Ingetundikwa, siku moja mtoto angeidhania ni aya. Kila mchoro wa namna hiyo asomwe na mjuzi kabla ya kuchapishwa, na ukiwa na uso wa mtu au mnyama hukumu yake ni ile tuliyoitaja.

La tatu ni kujifakharisha kwa uongo. Palikuwa na bango lisemalo kuwa Waislamu ndio waliovumbua kompyuta. Hilo si kweli. Al-Khawaarizmiy mwenyewe aliandika juu ya tarakimu zilizotoka India wala hakuficha asili yake. Mchango wa wanazuoni wetu ni mkubwa, na unatosha bila ya kuongezwa chumvi. Mwanafunzi akigundua bango limemdanganya katika historia, ataanza kulitilia shaka na lile tulilomwambia kweli.

La nne ni haki ya mwenye kazi. Kuchukua picha ya mtu mtandaoni na kuichapisha bila ya ruhusa si halali kwa sababu tu ni wepesi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait mwaka 1988, lilithibitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia. Kazi kongwe kama jedwali la mwaka 1843 hazina tatizo hilo. Kwa za karibuni, andikeni barua muombe. Wengi hukubali chuo kikiomba.

La tano ni fedha. Fungu lililotolewa kwa kununulia kompyuta lisigeuzwe kuwa la picha, kwani sharti la mtoaji ni amana. Na lililotolewa kwa pambo lisifanyiwe israfu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huiharibu karatasi upesi. Vioo vya bei kubwa na fremu za nje hazidumu kuliko ubao wa fundi wa mtaani. Bodi za kompyuta mbovu zinaweza kutundikwa bila ya gharama, lakini zina risasi na vitu vyengine vyenye madhara. Betri zitolewe, bodi ziwekwe nyuma ya kioo, na watoto wasizishike.

Na nyumbani je?

Wazazi, kipimo ni hicho hicho. Kijana wako akitaka kubandika picha chumbani, usianze na kuchana. Muulize anapenda nini ndani ya picha ile. Akisema anapenda mashine, mtafutie picha ya mashine. Akisema anampenda mtu fulani aliyevumbua, mwambie aandike alichovumbua akitundike, na utaona kama kweli anakijua. Upande anaoelekea anaposwali uache wazi. Na ukitaka kumkataza jambo, uwe umeshaliandaa la halali mkononi. Sisi tulilisahau hilo siku ile, na aliyetukumbusha ni tuliyemfundisha alifu na be.

Mwisho wa habari

Uso ulifutwa kwa chokaa. Ukuta ule wa mbele ya chumba cha kuswalia umebaki mweupe, na picha zimewekwa upande wa pili wa jengo, njia ya madarasani. Waliouchora waliombwa radhi mbele ya wenzao kwa kazi yao kufutwa, kwani hawakukusudia ubaya, na wao ndio waliouchora ule mchoro wa Al-Khawaarizmiy.

Yule mzazi alikuja kuangalia. Alipita mbele ya chipu na nyaya bila ya kusema neno. Alipofika kwenye mkeka akasimama, akauliza umesukwa na nani, kisha akauliza kwa nini rangi zake hazikupangwa sawa. Binti yake akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akamsomea herufi moja moja mpaka ikafika U. Mzee akasema, "Huu wa mwisho naujua," kisha akamuuliza mtihani lini. Binti bado anasoma.

Tunamuomba Allah awanufaishe watoto wetu kwa elimu waisomayo, awahifadhi walimu wao, na atusamehe tulipokosea.

Wallaahu A'lam.